Chinja Kiserikali

...na kisu nimekificha mgongoni, ndani ya pindo la msuli, kwa sababu mnyama hatakiwi kukiona, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua, lakini hawa wanaozozana juu ya kichwa cha dume letu ama hawalijui ama wamelisahau, na mie nawatazama tu kama mtu anayetazama ngoma ya kijiji cha pili, maana bila Bushiri hapa hakuna nyama, hakuna pilau, hakuna mgeni rasmi wa kushiba, wacha waongee mpaka mate yawakauke, mwisho wa yote macho yatarudi kwangu, na yameshaanza kurudi, nayaona, huyu mpwa wangu Saidy kanisogezea kipaza sauti karibu kinigonge meno, "Mjomba, sema hapa, tamka kwa sauti, wasikie mpaka barabarani," na nyuma yake spika lake alilokuja nalo kutoka Dar, kalifunga juu ya mkorosho, kaliunganisha na betri ya gari, linakoroma kama kiboko mwenye mafua... na dume lenyewe limelala ubavu wa kushoto, uso kibla, miguu imefungwa, kamba imezungushwa kwenye mlingoti wa bendera, si kwa ubishi, ni kwa sababu hiyo ndiyo nguzo pekee kwenye uwanja huu wa shule ambayo mchwa hawajaila, walioisimika waliitia saruji, toka shule hii ianze ukiwa na mnyama wa kumfunga unamfunga hapo, na mwalimu mkuu Wenceslaus kapiga magoti kwenye vumbi na shati lake la sikukuu, kakamata pembe, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, uso wake na uso wa dume karibu zipeane salamu. Dume la bara hilo, limekuja na lori, nundu kama mlima, sisi huku ni watu wa samaki, kambare, perege, kamba wa deltani, ng'ombe kwetu ni habari, akishushwa ng'ombe kwenye lori Kibiti nzima inajua, na wa leo ni wa wazazi wote, kila nyumba imechangia, iwe ya Mndengereko au ya mwalimu wa kutoka bara, kwa ajili ya kufungua darasa jipya, lile pale, mabati yake yanang'aa mpaka yanaumiza macho, tofali tulifyatua wenyewe, na mie nilifyatua nyingi kuliko wote, aulizwe yeyote, au asiulizwe, watu wana wivu... "Jamani, jamani," anasema Bwana Sadallah, afisa wetu kutoka Utete, kavaa Kaunda suti, jasho limemchora ramani mgongoni, "serikali haina dini. Hii ni shule ya serikali, huu ni uwanja wa serikali, na huo ni mlingoti wa bendera ya taifa. Mzee Bushiri achinje, hakuna anayemkataza, lakini achinje kiserikali." Nikamuuliza, maana mie nimesoma mpaka la nne la mkoloni na sioni aibu kuuliza, "Kiserikali ndiyo vipi, bwana afisa?" Akasema, "Kimya kimya. Bila kutaja kitu." Haya. Kuishi kwingi kuona mengi. Nimechinja harusini, nimechinja matangani, nimechinja siku ya Saba Saba chama kilipokuwa kimoja na bendera yake ilipopepea hapa hapa juu ya mlingoti huu ubavuni mwa hii ya taifa, halafu vyama vikawa vingi, wakaja watu na ngazi wakaiteremsha, wakasema chama mbali serikali mbali, tukasema sawa, na dume tuliendelea kulifunga pale pale, lakini kuchinja bila kutaja kitu, hilo mie sijafundishwa, hata marehemu baba yangu aliyenikabidhi kisu hiki hakuniachia wasia wa kiserikali, sasa niseme nini, niseme kwa mujibu wa waraka, niseme kwa niaba ya Katibu Tarafa, ama nimuulize dume, ndugu mwananchi, una maoni? Na Sadallah huyu huyu, Ijumaa iliyopita goti lake na langu yalikuwa yanagusana msikitini, safu ya mbele, aliinua mikono akalia machozi, leo ananitaka nichinje kama mtu anayekata kuni... lakini si mbaya, namjua, anaogopa, siku hizi za ruksa kila kitu ruksa, mihadhara ruksa, spika ruksa, mtu anasimama sokoni na kitabu cha dini ya mwenzake mkononi anakitafutia makosa, na huko juu wameambiwa wawe macho, ugomvi wa dini ukianzia kwenye uwanja wa serikali afisa ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa hiyo Sadallah anaona dawa ni kunyamazisha midomo yote, kama mama aliyechoka, nyamazeni wote, wewe nyamaza na wewe nyamaza, hata yule ambaye hakupiga kelele. "Mzee Bushiri," hiyo sauti ya Lucas sasa, bwana shamba wetu, kakunja mikono kifuani pale mbele ya darasa jipya, na wenzake wa kikundi chake cha maombi wamesimama nyuma yake, "mimi sina ugomvi na wewe, unanijua. Lakini dua yenu ikitajwa pale kwenye spika, sisi hatuli. Beberu wetu tunaye, tutamchinja wenyewe, tutapika chungu chetu." Na beberu mwenyewe, nyuma ya darasa, kasikia jina lake akajibu, meee, kama shahidi aliyeitwa kortini, watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Lucas huyu. Mwaka jana alikula nyama ya kisu hiki hiki akafuta sahani kwa kidole, akaja kuniomba na mfupa wa paja akautafune nyumbani, kisha akaenda Dar kwenye mkutano wa injili, akarudi macho yamebadilika, na Saidy naye akaenda Dar kuuza mitumba, akarudi na spika, Dar ile ile, njia ile ile, mmoja katuletea spika na mwingine katuletea beberu, ningekuwa mie nimekwenda ningeleta sukari. "Mjomba," ananong'ona Saidy, na kipaza sauti kinashika mnong'ono wake kinautupa mpaka kwenye mikorosho, "usiogope, mie nitakutangaza kwanza. Nitasema, anayechinja ni mchinjaji mkuu wa Rufiji, Sheikh Bushiri." Sheikh. Sikudanganyi, moyo wangu ulipiga hatua. Sheikh Bushiri, kwenye spika, mpaka barabarani, na pale barabarani mabasi ya Dar na ya Lindi yamesimama, abiria wanakunywa chai, wangegeuka wote wakauliza ni nani huyo Sheikh Bushiri, na jina langu lingepanda basi likaenda Mohoro, likaenda Somanga, mie mtu ambaye mtihani wa la nne ulinitema kama kokwa la ukwaju, lakini mkuu wa Rufiji hajakosea, hapo Saidy kasema kweli tupu, nani mwingine, nani alichinja nyati wa kijiji cha Mkongo, yule aliyejeruhiwa na bwana nyama, askari wa wanyamapori, akaingia kwenye mashamba ya mpunga akakimbiza kijiji kizima, watu wakapanda miti, hata ajuza mmoja asiyeona alipanda, nikaenda mie peke yangu, nikamwambia nyati wee, lala, akanitazama, akalala, na kama si kulala kabisa basi aliinamisha kichwa, na alikuwa keshapigwa risasi, sawa, lakini risasi ilimpata begani na si shingoni, na shingo ndiyo kazi yangu... nani alivuka kwenda Mbwera kwa mtumbwi, maji yamejaa, kisu menoni, kwenda kuchinja ng'ombe wa harusi ambaye wanaume wa kule walimzunguka toka asubuhi kama wanamposa, nikafika, sikunywa hata maji, nikamaliza, bibi harusi akataka kubadilisha mume. Hayo yote Saidy angeyasema kwenye spika ningemwelekeza. Na ningetamka, mbona ningetamka, kwani uongo, ni maneno yangu, ni maneno ya baba yangu, bismillahi Allahu akbar, siyaonei haya maneno hayo mahali popote, uwanja wa serikali au wa mfalme, na Sadallah hawezi kunitoa ulimi, angalau asikie kwa mara ya kwanza sauti ya mchinjaji inavyopaswa kusikika, na Lucas na beberu wake waende zao, nani kawaita, kijiji hiki kilikuwa kinakula kabla yao... meee, anasema beberu, kama kaambiwa yeye. "Baba Hafsa," na hiyo sasa haihitaji betri, hiyo ni sauti ya Mwanaidi mke wangu, kutoka kwenye meko, inakata uwanja kama panga, "mafuta yanaungua huku. Vitunguu vimekuwa makaa. Mnachinja ama mnahutubia?" Na kando yake, mwiko mkononi, kanga kiunoni, Blandina, mke wa Lucas, naye anapaza kwa mumewe, "Baba Imani, na huyo beberu atapikwa na nani? Mimi mwiko nimeshaushika kwenye chungu hiki, sina mikono minne." Watu wakacheka tena, sasa vizuri zaidi, na Lucas akatazama ardhi kama mtu anayetafuta senti aliyoiangusha, lakini mikono hakuikunjua, hapana, mikono ameikaza zaidi, mtu akichekwa na mkewe hadharani harudi nyuma, mie najua, na hapo ndipo nikaona, si kwa akili maana akili yangu bado iko kwenye basi la Lindi na jina langu, niliona kwa macho, nikaona pale kwenye meko moshi mmoja, chungu kimoja, na wanawake wawili wamekizunguka, halafu nikaona upande wa pili wa darasa watu wa Lucas wamekwisha kuleta mafiga, mafiga matatu mapya, wameyapanga, hayana moshi bado, yamekaa tu yakisubiri. Chungu cha pili. Leo vyungu viwili. Na Hafsa wangu, kitinda mimba, na Imani wa Lucas wanakaa dawati moja, wanagombania kifutio kimoja, mwana hunirudia nyumbani na kandambili za mwenziye, sijui hata lini walibadilishana, na kesho kutwa wanaingia darasa lile lenye mabati, sasa leo huyu ataitwa kwenye chungu hiki, yule ataitwa kwenye chungu kile, na mtoto ukishamwonyesha chungu chake hasahau, kesho watataka mitungi miwili ya maji, huu wetu ule wenu, halafu madawati, halafu ubao ule mpya upigwe mstari katikati, na yote hayo yatakuwa yamefunguliwa rasmi na nani, na mgeni rasmi? Hapana, na mie, kwa sauti yangu, kwenye spika, Sheikh Bushiri. Lo. Jina lingefika Mohoro kweli... na dume linapumua. Nimelisikia sasa hivi tu. Muda wote huu lilikuwa linapumua na mie sikulisikia kwa ajili ya spika, pua imelala kwenye vumbi, vumbi linaruka na kutua, linaruka na kutua, jicho moja linanitazama, jeusi, linameta, sijui limeona nini, kisu halikukiona, lakini limeona watu, limesikia hotuba, na baba alinambia, mnyama akilazwa achinjwe, kumlaza na kumsubirisha ni dhuluma, umfanyie wepesi, kisu kiwe kikali, mkono uwe mmoja, na leo tumemlaza tukamfungulia mkutano wa hadhara kichwani, afisa anahutubia, bwana shamba anahutubia, mpwa anahutubia, na mie mchinjaji mkuu wa Rufiji nimesimama na kisu chini ya msuli nikihesabu mabasi, hakuna hata mmoja wetu anayelitazama dume, isipokuwa mmoja. Mwalimu. Mwalimu Wenceslaus hajasema neno toka wameanza. Amekamata pembe, mishipa ya mikono imesimama, jasho linamdondoka kwenye ncha ya pua linaanguka kwenye paji la dume, na hawezi kuachia ajifute, akiachia kichwa kile kinatupasua sote, na midomo yake inacheza. Inacheza kidogo tu. Haitoki sauti. Na mie nikakumbuka, si kukumbuka, nililijua hilo siku zote ila sikuwa nimelitazama... alikuja kijana, mwaka tuliohamishwa bondeni tukaletwa huku barabarani, tumeacha mashamba yetu ya mtoni tunalia, alikuja na baiskeli na begi la mabati, hajui kula samaki mwenye miba, tulimcheka mpaka akalia, na shule ilipopata ng'ombe wake wa kwanza wanaume wote wa hapa walimwogopa, mie mwenyewe, hayo tuyaache, mie nilikuwa nasubiri tu wakati muafaka, akatoka yeye akakamata pembe, akasema, "Kwetu tunalala nao nyumba moja, mzee. Wewe fanya yako, hiki kichwa niachie," akaniita mzee na mie sina hata mvi, na toka siku ile, kila ng'ombe, kila sikukuu, yeye kwenye pembe na mie kwenye shingo, nyuso zetu karibu hivi, na mie nikiinama husema maneno yangu chini chini, kwa midomo, kama baba alivyoyasema, baba hakupiga kelele kwani aliyekuwa akisema naye si kiziwi, na Wenceslaus naye midomo yake hucheza, upande huu wa kichwa na upande ule, yeye na wake na mie na wangu, na sikuwahi kumuuliza unasema nini mwalimu, naye hakuwahi kuniuliza, si kwa woga, ni kama vile mtu akiwa anaoga humuulizi, na tukimaliza anajifuta mikono kwenye majani, ananipa sigara, tunasema habari za mvua. Na nyama wakala wote. Hakuna aliyekuja na mafiga. Ilikuwaje wakala wote? Serikali ilikuwepo, mlingoti ulikuwepo, bendera ilikuwa juu inapepea kama leo, na kamba ilizungushwa pale pale, na mlingoti haukuomba wala haukunikataza kuomba, ulisimama tu kwenye saruji yake ukashika kamba, basi, kazi yake ilikuwa kushika kamba dume lisitukanyage mie na mwalimu tukiwa kila mtu na lake mdomoni, na Sadallah, ewe ndugu yangu wa safu ya mbele, kumbe ungesimama tu. Ungeshika kamba. Unataka kuingiza mkono kinywani mwangu na kamba hujaishika, na Saidy naye, mtoto wa dada yangu, nampenda, nilimfundisha mie kuogelea, anataka kunitia spika kinywani pale pale ambapo Sadallah anataka kutia kizibo, wawili wanagombania mdomo mmoja, na mdomo ni wangu. Hilo ndilo sikuliona. Nilidhani wanazozana juu ya dume. "Mjomba, tayari?" anasema Saidy, na spika linapiga mluzi, dume likatupa kichwa, mwalimu akalishusha kwa kifua chake, vumbi likamjaa kwenye kola nyeupe, hakulaani, alisema tu, "Taratibu, baba, taratibu," kaliambia dume, si sisi... Sasa mie nifanyeje. Hotuba ninayo, mie sikosi hotuba, ningeweza kumnyang'anya Saidy hicho kidude nikawapa wote haki yao, nikaanza na nyati wa Mkongo nikamalizia na mlingoti, wangekaa kimya, wangelia, wangesema Bushiri ana hekima na sisi hatukujua, na dume lingeendelea kupumua vumbi. Hapana. Watu wote wa Kibiti wanaujua mdomo huu, unavuma kuliko spika lile, leo nitaufanya mdogo. Siutii kizibo, Sadallah, usifurahi, nitayasema yote, neno kwa neno, hakuna ofisi iliyonipa na hakuna ofisi itakayoyachukua, lakini nitayasemea pale yanaposemewa, chini, karibu na shingo, na kidude cha Saidy kitasikia upepo tu, na Lucas hatasikia, kama ambavyo hakusikia mwaka jana akifuta sahani, kama ataona vema kula atakula, na kama moyo wake hautaki beberu yupo, simlazimishi mtu nyama, ila sitakuwa mie niliyempa sababu, sababu aende akaitafute kwa mwingine, na kama atalia njaa kwenye mafiga yake na harufu ya pilau la Mwanaidi ikimpitia puani, hiyo nayo ni hotuba, na haina spika... na abiria wa Lindi wamekwisha kupanda basi, limeondoka, nimesikia honi yake, limekwenda bila jina langu, potelea mbali, hasara ni yao. "Serikali haina dini, jamani, tuelewane," anasema Sadallah, na ni kweli, wala sibishani naye tena, spika linakoroma juu ya mkorosho, beberu anasema meee nyuma ya darasa, Lucas mikono kifuani, kipaza sauti bado kiko mbele ya meno yangu, na mie nimegeuza uso kidogo tu, kiasi cha mtu anayekwepa nzi, nimepiga goti kwenye vumbi, kisu bado kiko ndani ya pindo, kimepata joto la mgongo wangu, na uso wa mwalimu uko karibu, naziona mvi kwenye nyusi zake, hizo hazikuwepo siku ya samaki wa miba.

"Mwalimu," nikasema chini chini, "umeshika?"

"Nimeshika, mzee," akasema, na midomo yake ikaanza kucheza tena, na yangu pia.